Ukarimu na Uaminifu katika Tendi za Homer: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ni tendi zipi zinazozungumziwa hapa?

Ni mbili. Iliad, yenye mishororo zaidi ya 15,000, inasimulia majuma machache ya mwaka wa 10 wa vita vya Wagiriki dhidi ya mji wa Troy. Odyssey, yenye mishororo zaidi ya 12,000, inasimulia namna Odysseus, mfalme wa kisiwa cha Ithaca, alivyorejea kwake baada ya kutoweka kwa miaka 20. Wagiriki wa kale walimtaja Homer kuwa mtunzi wa zote mbili, na wataalamu wengi huziweka kati ya karne ya 8 na ya 7 KK. Kila utendi umegawanywa katika vitabu 24. Kwa kuwa zilitokana na mapokeo ya malenga walioimba bila kuandika, mishororo mizima hurudiwa neno kwa neno kutoka kisa kimoja hadi kingine. Msomaji aliweke hilo akilini, kwa maana tutalihitaji tutakapofika kwenye pango la jitu Polyphemus.

Neno xenia lina maana gani?

Xenia ni jumla ya haki na wajibu kati ya mwenyeji na mgeni. Limetokana na neno xenos, na hapa msomaji wa Kiswahili ana bahati ambayo wasomaji wa lugha nyingine hawana, kwa sababu xenos, kama mgeni wetu, ni mtu usiyemjua na papo hapo ni mtu uliyemkaribisha. Sisi husema "mimi ni mgeni hapa" na "leo nina mgeni" bila kuhisi kwamba tumetumia neno moja kwa mambo mawili. Kigiriki huenda mbele kidogo: mwenyeji naye ni xenos wa mgeni wake, na uhusiano huo ukishafungwa hurithiwa na watoto na wajukuu kama shamba linavyorithiwa.

Mlinzi wake ni Zeus mwenyewe, mfalme wa miungu, ambaye kwa kazi hii huitwa Zeus Xenios. Katika ulimwengu wa Homer msafiri hakuwa na nyumba ya kulala wageni, wala hati ya kusafiria, wala mahakama ya kukimbilia akidhulumiwa ugenini. Kinga yake ilikuwa moja tu, nayo ni kwamba mwenye nyumba alimcha Zeus.

Mgeni alipokewa vipi?

Kitabu cha 1 cha Odyssey kinatupa mfano mapema kabisa. Telemachus, mwana wa Odysseus, ameketi kwa huzuni katikati ya wanaume wanaomposa mama yake, na anamwona mtu asiyemfahamu amesimama langoni. Ni mungu Athena aliyejigeuza, lakini kijana hajui hilo. Kinachomchoma ni kwamba mgeni ameachwa mlangoni bila kuhudumiwa. Anakwenda moja kwa moja, anamshika mkono wa kulia, anampokea mkuki, anamkalisha mbali na makelele ya walevi, kisha kijakazi analeta maji katika birika la dhahabu na kuyamimina juu ya beseni la fedha ili mgeni anawe. Mishororo hiyo ya kunawa mikono inarudi mara kadhaa katika utendi, na msomaji wa pwani ya Afrika Mashariki, ambako birika na beseni huzungushwa kabla ya chakula hadi leo katika shughuli, ataiona picha hiyo bila kuelezwa.

Baada ya kunawa huja mkate, nyama na divai. Mara nyingi kuna kuoga na nguo safi. Na mgeni akishashiba ndipo anapoulizwa jina lake na kwao. Siku ya kuondoka hupewa zawadi na kusindikizwa.

Si kila mtu katika tendi hizi anayejua utaratibu huo. Telemachus anapofika Sparta katika kitabu cha 4, mtumishi aitwaye Eteoneus anamwuliza mfalme Menelaus kama wawafungulie wageni farasi wao au wawaelekeze kwa mwenyeji mwingine. Menelaus anakasirika na kumwambia kwamba hakuwa mpumbavu zamani, ila sasa anabwabwaja kama mtoto, kwani wao wenyewe walikula vya watu wengi njiani kabla ya kufika nyumbani kutoka Troy.

Kwa nini jina huulizwa baada ya chakula?

Kwa sababu ukiuliza kwanza, chakula kinakuwa malipo ya jibu zuri. Mwenyeji anayetaka kujua kwanza kama aliyebisha hodi ni mtoto wa fulani, tajiri au fukara, rafiki au adui, amekwisha kuanza kupima kama anastahili.

Homer analionyesha jambo hili kwa ustadi ambao ni rahisi kuupita bila kuuona. Katika kitabu cha 3, mzee Nestor wa Pylos anawauliza wageni wake: ninyi ni akina nani, mmetoka wapi, mnasafiri kwa shughuli maalumu au mnazurura baharini kama maharamia? Katika kitabu cha 9, jitu lenye jicho moja, Polyphemus, linauliza swali hilo hilo, kwa mishororo ile ile, bila kubadilisha neno. Lakini Nestor anauliza wageni wakiwa wamekwisha kula na kunywa, na anasema waziwazi kwamba sasa ndio wakati unaofaa. Polyphemus anauliza mara tu anapowaona kwenye pango lake. Mwenyeji mwema na mwenyeji mbaya wanatofautiana kwa mpangilio tu.

Huko kwa Wafaeaki, watu wa baharini waliompokea Odysseus njiani, mfalme Alcinous anakwenda mbali zaidi. Odysseus anafika akiwa amevunjikiwa na chombo, hana kitu. Malkia Arete anamdadisi usiku ule, naye anajibu kila kitu isipokuwa jina. Analala, kunapambazuka, anafanyiwa michezo na karamu, anaahidiwa merikebu ya kumpeleka kwao, na jina lake halijatajwa hadi usiku wa siku ya pili.

Je, Polyphemus ndiye mwenye makosa peke yake?

Jitu hilo linasema kwamba jamii yake haijali Zeus, kisha linawala wageni wawili wawili, na "zawadi ya ugeni" linayompa Odysseus ni ahadi ya kumla wa mwisho. Hakuna wa kulitetea. Hata hivyo, wanaosoma kwa haraka husahau jinsi Odysseus alivyoingia. Mwenyewe hakuwapo, wao wakaingia, wakawasha moto, wakala jibini yake. Mabaharia walimsihi wachukue jibini na wanakondoo waondoke upesi, lakini alikataa kwa sababu alitaka kumwona mwenyeji na kujua kama angempa zawadi. Mgeni anayejikaribisha na kungojea hidaya hakuanza vizuri. Na mwishoni, akiwa tayari baharini na salama, ndipo anapopaza sauti kutaja jina lake kamili, na jitu linalitumia jina hilo kumlaani kwa baba yake Poseidon, mungu wa bahari. Jina lililofichwa kwa Wafaeaki likamletea heshima, hapa limetajwa kwa majivuno likamgharimu chombo chake na wenzake wote.

Zawadi zilikuwa za nini? Hazikuwa biashara kwa jina lingine?

Kuna ukweli katika shaka hiyo. Menelaus alipotaka kumpa Telemachus farasi watatu na gari, kijana alikataa kwa adabu, akieleza kwamba Ithaca ni nchi ya mbuzi na haina malisho ya farasi. Menelaus akatabasamu na kumpa bakuli la fedha alilokuwa amepewa yeye mwenyewe na mfalme wa Sidon. Zawadi, basi, ilihama nyumba kwa nyumba pamoja na historia yake. Na Alcinous, anapowataka wakuu wenzake wamwongezee Odysseus vyombo vya shaba, anasema bila haya kwamba gharama wataifidia kwa kuwachangisha raia. Wenye kulipia ukarimu wa wakubwa ni wale wale.

Lakini kisa cha Glaucus na Diomedes katika kitabu cha 6 cha Iliad hakikubali kuitwa biashara. Wawili hao, Diomedes wa upande wa Wagiriki na Glaucus wa upande wa Troy, wanakutana uwanjani ili wauane. Diomedes anamwuliza mwenzake ukoo wake, na anaposikia jina la Bellerophon anachoma mkuki wake ardhini kwa furaha: babu yake Diomedes, Oeneus, alimkaribisha Bellerophon, babu yake Glaucus, kwa siku 20, wakapeana mshipi wa rangi ya zambarau na kikombe cha dhahabu. Wanakubaliana kuepana vitani, maana Watroy wengine wa kuua wapo na Wagiriki wengine wa kuua wapo, na wanabadilishana silaha. Homer hakuweza kujizuia kutaja kwamba Zeus alimwondolea Glaucus akili, kwa kuwa alitoa silaha za dhahabu zenye thamani ya ng'ombe 100 akapokea za shaba zenye thamani ya ng'ombe 9. Wasomi wamebishana sana juu ya kejeli hiyo. Mimi naona malenga anawachekesha wasikilizaji wake, kisha anaendelea na vita. Ila wanaume wawili walibaki hai kwa sababu ya karamu iliyoliwa kabla hawajazaliwa.

Vita vya Troy vinahusianaje na ukarimu?

Vilianza kwa kuvunjwa kwa ukarimu: Paris, mwana wa mfalme wa Troy, alikuwa mgeni nyumbani kwa Menelaus alipomchukua Helen, mke wa mwenyeji wake, pamoja na mali. Ndiyo maana katika kitabu cha 3 cha Iliad, kabla ya pambano lao, Menelaus anamwomba Zeus amwezeshe kumwadhibu Paris ili hata vizazi vijavyo viogope kumtendea ubaya mwenyeji aliyewakaribisha kwa wema.

Kwa nini ukarimu na uaminifu vijadiliwe pamoja?

Kwa sababu katika Odyssey vyote viwili hupimwa kwa njia moja, yaani mtu hufanya nini pale ambapo hana uhakika. Mwenyeji anamlisha mtu asiyemjua. Mtumishi anachunga mali ya bwana asiyejua kama yu hai. Hakuna anayewaona, na hakuna anayeweza kuwaahidi kwamba watalipwa. Odysseus anaporudi amevaa matambara ya ombaomba, kwa hiyo kila anayekutana naye katika nusu ya pili ya utendi anafanyiwa mitihani yote miwili bila kujua: anavyomtendea mgeni fukara ndivyo anavyomtendea bwana wake.

Nani anaufaulu mtihani huo vizuri kuliko wote?

Mchungaji wa nguruwe, Eumaeus. Kitabu cha 14, ambacho wengi hukiruka wakikimbilia vita vya mwishoni, ndicho ningempa mtu asiyewahi kusoma Homer.

Odysseus anafika kwenye boma la mawe alilolijenga Eumaeus kwa mikono yake, lenye mazizi 12 na nguruwe jike 50 katika kila zizi. Mbwa wanne wanamrukia. Mzee anaachia njiani ngozi aliyokuwa akikata viatu, anawafukuza kwa mawe, anamwingiza mgeni kibandani, anatandika vichaka na juu yake ngozi ya mbuzi mwitu, nayo ndiyo malazi yake mwenyewe. Anaomba radhi kwamba atakachompa ni kidogo, kwa kuwa wageni na maskini wote hutoka kwa Zeus, na zawadi ya mtumwa, hata ikiwa ndogo, hutolewa kwa moyo. Kisha anajifunga kanzu, anakwenda zizini, anachinja vitoto viwili vya nguruwe, anavibabua, anavikatakata, anavichoma kwenye vijiti, anavinyunyizia unga wa shayiri na kuvileta vya moto na vijiti vyake. Anaeleza kwa uchungu kwamba hicho ndicho chakula cha watumwa, maana walionona wanaliwa na waposaji mjini.

Usiku ule mvua inanyesha na upepo ni mkali. Anampa mgeni joho lake nene la akiba, na yeye mwenyewe anachukua upanga na mkuki, anajifunika, anakwenda kulala nje chini ya jabali walikolala nguruwe dume. Odysseus anamwona akitoka na anafurahi kwamba mali yake inalindwa hivyo wakati mwenyewe hayupo.

Yapo mambo mawili ya kuongeza. Kwanza, Eumaeus hakuzaliwa mtumwa. Alikuwa mtoto wa mfalme wa kisiwa cha Syrie, akaibwa na wafanyabiashara Wafoinike na kuuzwa kwa Laertes, baba yake Odysseus. Anayejua kupokea wageni kuliko wote ni mtu ambaye alifika pale akiwa bidhaa. Pili, malenga, ambaye katika Odyssey humtaja kila mtu mwingine kwa nafsi ya tatu, anapofika kwa Eumaeus mara nyingi humgeukia na kumsemesha: "ndipo ukamjibu, ewe Eumaeus mchungaji wa nguruwe." Wapo wanaosema ni haja ya mizani tu. Huenda mizani iliufungua mlango, lakini aliyeamua kuingia ni malenga.

Waposaji wa Penelope, mke wa Odysseus, walikosa nini hasa, ikiwa mjane anaweza kuposwa?

Walikuwa 108: 52 kutoka Dulichium, 24 kutoka Same, 20 kutoka Zacynthus na 12 wa Ithaca penyewe. Kuposa halikuwa kosa. Kosa ni kwamba waligeuza ugeni kuwa makazi, wakala ng'ombe, nguruwe na mbuzi wa nyumba isiyo yao kila siku kwa zaidi ya miaka mitatu, na wakapanga kumwua mtoto wa nyumba. Waswahili tuna methali ya mgeni na jembe siku ya tatu. Wagiriki wa Homer hawakuwa na jembe hilo, na Telemachus, aliyekuwa kijana asiye na baba karibu, hakuwa na nguvu za kuwatoa.

Tukio la kitabu cha 20 linajumlisha tabia yao. Ctesippus wa Same, akijisifia mali ya baba yake, anasema kwamba na yeye atampa ombaomba zawadi ya ugeni, kisha anachukua kwato la ng'ombe kutoka kwenye kikapu na kumrushia Odysseus kichwani. Odysseus anainamisha kichwa kidogo, kwato linagonga ukuta. Vitabu viwili baadaye mchungaji wa ng'ombe, Philoetius, anamchoma Ctesippus kifuani na kumwambia: hii ni zawadi yako kwa lile kwato.

Je, uaminifu wa Penelope ulikuwa kungoja tu?

Hapana, na ni dhuluma kumsoma hivyo. Aliwaambia waposaji kwamba ataolewa akimaliza kufuma sanda ya mkwewe Laertes, ili watu wasimlaumu kwamba mzee mwenye mali nyingi hivyo alizikwa bila sanda. Mchana alifuma, usiku akafumua kwa mwanga wa mienge, kwa miaka mitatu, mpaka kijakazi wake mmoja alipomchongea. Na Odysseus aliporudi na kuua maadui wote, Penelope hakumrukia shingoni. Alimwagiza yaya Eurycleia amtandikie mgeni huyo kitanda kilichomo chumbani, akakitoe nje. Odysseus akaghadhibika, akauliza nani aliyekihamisha kitanda alichokichonga mwenyewe juu ya shina la mzeituni lenye mizizi ardhini. Hapo ndipo alipojulikana. Bwana wa hila zote alinaswa kwa hila ya mkewe, katika jambo ambalo walilijua wao na kijakazi mmoja tu.

Na Odysseus mwenyewe alikuwa mwaminifu?

Kwa kipimo alichopimiwa mkewe, la. Njiani alikaa mwaka mmoja kwa Circe na miaka saba kwa Calypso, wote wawili miungu wa kike. Utendi haumlaumu, na hatuna sababu ya kujifanya hatuoni kipimo hicho cha mizani miwili. Linalotajwa kwa sifa yake ni kwamba alikataa ahadi ya Calypso ya kutokufa, akikiri mbele yake kwamba Penelope hamfikii kwa sura wala kimo, ila hata hivyo anatamani kurudi.

Vipi kuhusu vijakazi walionyongwa?

Kati ya vijakazi 50 wa nyumba ile, 12 walihukumiwa kwa kulala na waposaji. Waliamriwa kwanza watoe maiti na kusafisha damu kwenye meza, kisha Telemachus akawanyonga kwa kamba ya merikebu. Homer anawafananisha na ndege walionaswa wakirudi viotani, na anasema miguu yao ilitikisika kidogo, si kwa muda mrefu. Melantho, aliyemtukana ombaomba mara mbili, alikuwa amelelewa na Penelope kama mwanawe na kupewa vitu vya kuchezea, kwa hiyo kosa lake kwa macho ya utendi ni usaliti mkubwa. Lakini wengine hawakupewa hata nafasi ya kusema, na mtumwa katika nyumba iliyojaa wanaume 108 wenye silaha hakuwa na uwezo mkubwa wa kukataa. Uaminifu ulidaiwa kwa watu ambao hawakuwa huru kuutoa. Tashibihi ile ya ndege inanifanya nifikiri kwamba malenga naye hakuwa ametulia.

Mbwa Argos anatajwa kwa nini?

Katika kitabu cha 17, Odysseus na Eumaeus wanakaribia lango wakizungumza. Juu ya lundo la samadi ya nyumbu na ng'ombe amelala mbwa mzee, amejaa kupe, ambaye Odysseus alimlea kabla ya kwenda Troy bila kupata faida yake. Anaisikia sauti, anatikisa mkia, analaza masikio, lakini hana nguvu za kumfikia bwana wake. Odysseus naye hawezi kumkaribia, kwa kuwa atajulikana. Anageuza uso na kufuta chozi, anamwuliza Eumaeus habari za mbwa yule kana kwamba hamjui. Wanaingia ndani, na Argos anakufa palepale, katika mwaka wa 20. Ndiye pekee aliyemtambua bila alama wala ushahidi, wala hakuhitaji kupewa chochote.

Adui anaweza kuwa mgeni?

Anaweza, na Iliad inamalizika kwa jibu hilo. Priam, mfalme wa Troy, anaingia usiku kwenye kibanda cha Achilles, shujaa wa Wagiriki, kuomba maiti ya mwanawe Hector, anambusu mikono iliyowaua watoto wake, na wote wawili wanalia, kila mmoja na wake. Achilles anachinja kondoo, anamlisha mzee, anamtandikia kitanda ukumbini, na anamwahidi siku 11 za maombolezo. Siku ya 12 vita vitarudi ikiwa ni lazima.

Upinde wa Odysseus ulitoka wapi?

Swali hili huulizwa mara chache kuliko inavyostahili. Upinde ule uliowaua waposaji, wageni wale wabaya, ulikuwa wenyewe zawadi ya ugeni. Odysseus, akiwa bado kijana, alikutana na Iphitus huko Messene. Iphitus alikuwa akitafuta farasi wake jike 12 waliopotea, Odysseus akifuatilia kondoo 300 walioibwa Ithaca. Iphitus akatoa upinde, Odysseus upanga na mkuki, uwe mwanzo wa urafiki. Kisha Iphitus akafika nyumbani kwa Heracles, naye Heracles akamwua mgeni wake bila kuiheshimu meza aliyomwandalia, akabaki na farasi. Odysseus hakuuchukua upinde huo kwenda Troy. Aliuacha ghalani, umetundikwa kwenye ala yake, kwa kumkumbuka rafiki ambaye hawakuwahi kula naye chakula hata siku moja.